Kijiji cha Kulinganishia

Watu wengi wa mji wa Baraka walimjua Adolphine kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Ilikuwa sauti nzito kidogo, isiyo na haraka, sauti ya mwanamke ambaye ukimsikia unadhani amekaa upande wa pili wa meko anachambua sombe, majani ya muhogo, huku anakupasha habari. Aliigundua kambini, ng'ambo ya ziwa, huko Tanzania, alikokimbilia wakati wa vita pamoja na wazazi wake na mdogo wake Dorothée. Siku za kugawa unga wasimamizi walimpa yeye kipaza sauti aite watu. Wakiita wengine, watu walisukumana na watoto wakakanyagwa. Akiita yeye, watu walitulia. Mwenyewe hakujua kwa nini. Dorothée, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa akimtania: "Yaya, we unaweza kuambia batu nyumba yabo inaungua, bakakushukuru kwanza njo bakimbie."

Vita vilipopoa walirudi. Dorothée aliolewa upande wa kaskazini, Etandala, kijiji kilicho kando ya mto kabla ya kufika Nundu, na mume wake Alphonse alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Adolphine alibaki Baraka. Mume wake mwenyewe alikwenda Lulimba kutafuta dhahabu akapata mke mwingine huko. Watu walimwonea huruma, wengine walimcheka kidogo, naye jambo hilo akalimeza. Tangu hapo alidhani ameshajua jinsi mtu anavyoachwa, na kwamba hakuna wa kumshangaza tena.

Redio ya mji ilimchukua kwa matangazo. Alisoma mbuzi waliopotea, misiba, chanjo za watoto, harusi za kanisa lake na za makanisa mengine, kwa Kiswahili halafu kwa Kibembe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake siku Nadège alipopanda kilima cha redio, kiangazi, vumbi limemfika magotini, akiomba kuona paa.

Nadège alikuwa msichana wa Bukavu aliyekuwa akiandaa shahada yake kubwa kwa chuo kimoja cha Ulaya. Utafiti wake ulikuwa juu ya mawingu ya radi, yale makubwa, na mvua nzito inayotoka humo. Alitaka kuweka juu ya paa la redio chombo kinachosikia radi kutoka mbali, hata radi ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Raphaël, mkurugenzi wa redio, alikubali upesi, maana mradi uliahidi kuleta na sahani za umeme wa jua, na redio ilikuwa imechoka kuzimika katikati ya habari. Baada ya hapo Nadège alihitaji mahali pa kulala. Adolphine alikuwa na chumba cha nje, kimetengwa na nyumba kwa mstari wa maua, na watoto wake walikuwa wameshakua na kuondoka.

Mwanzoni walikuwa mpangaji na mwenye nyumba. Nadège alipika peke yake kwenye jiko lake dogo, akala amesimama. Halafu malaria ikamlaza, na Adolphine akawa anamfuta jasho, anamnywesha uji, anamfulia mashuka. Alipopona hakurudi tena kwenye jiko lake. Alikula bukari, ugali wa huko, kwenye sahani moja na Adolphine, jioni alimsuka nywele, na neno "Mama", ambalo kila mwanamke mtu mzima huitwa, akaanza kulitamka kwa namna nyingine. Akiongea na dada zake wa Bukavu kwa simu alisema: "Niko na Mama yangu wa huku." Adolphine alisikia maneno hayo kupitia ukuta, na siku nzima mwili ulikuwa mwepesi.

Mchana mmoja, mvua za kwanza zilipoanza, Nadège alimwita barazani akamwonyesha picha kwenye kompyuta yake. Ilikuwa picha ya mawingu iliyopigwa na satelaiti kutoka juu kabisa. Ziwa lilionekana jembamba kama jani la mgomba.

"Ona hapa, Mama, ng'ambo, juu ya milima ya Tanzania. Saa sita kulikuwa mawingu madogo madogo, kila moja na radi yake. Sasa ona."

Madoa meupe yalikuwa yameanza kushikana. Katikati ya kila doa palikuwa na rangi ya zambarau.

"Ile rangi njo nini?"

"Ni baridi. Kadiri wingu inapanda juu, kichwa yake inakuwa baridi. Pale kwenye zambarau njo kwenye nguvu. Mawingu yakishikana yanakuwa kitu kimoja, inatembea pamoja, inakula joto ya ziwa. Inavuka, inapiga Ubwari, inapiga sisi, inagonga milima, mvula yote inamwangika. Halafu inaendelea mpaka Lulimba, mpaka Maniema. Ingine inaenda siku nzima haijakufa."

"Na we unaiona mbele ya kufika."

"Naiona. Nataka kujua kwa nini moja inakuwa kubwa na ingine inakufa njiani. Na kama zile kubwa zinaongezeka, sababu ziwa inazidi kuwa na moto."

Adolphine alitazama lile doa likisogea kila picha ilipobadilika. Alifikiri juu ya wanaume ambao wakati huo huo walikuwa ufukweni wakiweka taa kwenye mitumbwi yao kwa ajili ya kuvua ndakala, dagaa wa ziwa.

"Sasa kama unaiona, kwa nini hatubaambie?"

Hivyo ndivyo maonyo yalivyoanza. Wazo lilikuwa la Adolphine, na baadaye hilo lilimuuma kuliko mengine. Nadège aliandikia wakubwa wake, nao wakafurahi. Mara ya kwanza Adolphine aliposoma onyo redioni, Guy, mkubwa wa wavuvi, alipanda kilima kumwuliza kama sasa redio imeajiri mganga. Jua lilikuwa linawaka. Alimjibu kwa upole kwamba asipotaka kumwamini leo, amkopeshe siku moja tu, na wakicheka kesho watacheka naye. Wavuvi wengi walibaki, nusu kwa heshima, nusu kwa udadisi. Kabla jua halijazama upepo ulifika kutoka ng'ambo, ukang'oa mabati ya vibanda vya soko, na ziwa likageuka jeusi likapiga ufuko kama linataka kuingia mjini. Hakuna mtu wa Baraka aliyekuwa majini. Siku iliyofuata Guy alimletea samaki wakubwa, mikebuka, ndani ya karai, akaliweka mlangoni, akaondoka.

Mwaka wa pili mradi ulipanuka. Vilima vilizuia mawimbi ya redio kufika vijiji vingi vya kaskazini na vya kusini, basi wakatafuta katika kila kijiji mtu mmoja mwenye simu, wakampa kipaza sauti, wakamwita mjumbe wa mvua. Adolphine angerekodi onyo, Nadège angelituma kwa simu za wajumbe, na mjumbe angelipiga kijijini kwa kipaza sauti chake. Kwenye orodha ya vijiji Adolphine aliona jina Etandala, akapiga makofi kama mtoto.

Jumapili iliyofuata alikwenda kumtembelea mdogo wake. Alphonse alimchinjia kuku. Walikaa nje, mpunga wa Alphonse ukionekana bondeni hadi ukingo wa mto, na Adolphine akawaeleza kila kitu, akichora kwa kijiti kwenye mchanga jinsi mawingu yanavyoshikana.

"Kama iko inakuja ile kubwa, mutasikia sauti yangu hapa hapa," alisema. "Mutoke mbio bondeni, mupande huku juu. Na kama hamusikie kitu, mufanye kazi yenu, musihangaike na kila wingu."

Dorothée alirudia maneno hayo kwa majirani. Alijivunia dada yake.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipita salama, ila kulikuwa na jambo moja dogo. Baada ya mvua moja ya nguvu Dorothée alipiga simu akasema kwamba hawakusikia sauti yoyote. Mto ulipanda kidogo ukala mihogo ya watu, basi. Jioni hiyo Adolphine alimwuliza Nadège. Nadège alikuwa ameinamia kompyuta yake. Hakuinua uso.

"Simu ya mujumbe wao iko na shida, Mama. Tutaitengeneza."

"Mutengeneze haraka."

"Ndiyo, Mama."

Adolphine akamwongezea chai. Alimpigia Dorothée kumwambia simu itatengenezwa, na hakufikiria tena jambo hilo.

Mwezi wa tatu, siku ya soko, Nadège alimjia mbio akiwa na kompyuta kifuani. Ng'ambo mawingu yalikuwa yameshikana mapema kuliko kawaida, na ile zambarau ilikuwa pana mno, kutoka mbele ya Kigoma mpaka Burundi. Adolphine alikwenda studio akasoma, halafu akarekodi ujumbe wa vijijini. Alivitaja kimoja kimoja, kama alivyozoea. Alipofika kwenye Etandala alipunguza mwendo kidogo na kuongeza: "Bakulima ba mpunga, mutoke bondeni sasa." Hilo halikuwa kwenye maandishi. Nadège alikuwa amesimama nyuma ya kioo. Adolphine alimwona akitazama sakafu, akadhani ni wasiwasi wa dhoruba.

Baraka ilijiandaa. Mitumbwi ilivutwa juu, akina mama wa soko walifunga turubai, na familia zinazokaa karibu na mto Mutambala zilibeba magodoro na watoto zikapanda kwa jamaa. Alasiri wingu lilifika. Mvua haikunyesha matone, ilikuja kama ukuta. Ilipotulia, mji ulikuwa na tope kila mahali na mabati yaliyokunjwa, lakini watu waliitana wakahesabiana na wote walikuwepo. Simu hazikufanya kazi. Adolphine alilala akiwa na furaha, akiwa amechoka, na akisema sala yake alimtaja Nadège.

Asubuhi kijana wa pikipiki aliingia uani, tope limemkauka hadi shingoni. Alivua kofia.

"Mama Adolphine, mi njo Eddy. Mujumbe wa mvula wa Etandala. Dada yako ananituma. Papa Alphonse amekwenda na maji."

Adolphine alijifunga kikwembe cha kitenge, akachukua kingine cha kujifunika, akapanda nyuma ya pikipiki. Hakulia. Njia ilikuwa imekatika hapa na pale, na mara kadhaa ilibidi ashuke Eddy asukume. Upande wa kulia ziwa lilikuwa limetulia, la rangi ya udongo, magogo na majani ya migomba yakielea juu yake. Huzuni ilikuwa bado haijafika. Kilichofika kwanza kilikuwa hasira, na aliyekuwa karibu ni huyu kijana.

"Eddy," alisema sikioni mwake. "Simu yako ilikuwa na shida tangu mwaka jana. Muda wote huu ulishindwa kuitengeneza?"

Eddy alisimamisha pikipiki. Aliizima kabisa. Aliingiza mkono ndani ya koti akatoa simu yake, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaiwasha mbele yake.

"Mama, hii simu haiyawahi kuharibika hata siku moja."

"Sasa ujumbe wangu?"

"Ujumbe gani? Mi sijawahi kupokea ujumbe. Balikuja na Nadège, bakanipatia kipaza sauti, bakaniandika jina. Kisha akarudi yeye mwenyewe akaniambia Etandala itangoja kwanza mwaka muzima. Akasema nisipige kelele juu ya ile, ni mambo ya utafiti. Kipaza sauti kiko kwangu, bado kiko ndani ya karatasi yake." Akaifunga tena simu ndani ya mfuko. "Tulidhani unajua. Ni we mukubwa wa ile kazi."

Adolphine alishika kiti cha pikipiki kwa mikono miwili. Alikumbuka chai aliyomwongezea.

Huko Etandala kilio kilikuwa kimejaa watu. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, wanaume walikuwa chini mtoni wakiendelea kutafuta, maana mwili ulikuwa haujaonekana. Mahali palipokuwa mpunga wa Alphonse palikuwa na mchanga na mawe, utadhani hapajawahi kulimwa. Dorothée hakuinuka kumpokea dada yake. Adolphine alikaa pembeni yake, wakaegemeana, wakalia. Kisha Dorothée akaanza kusema, kwa sauti ndogo, akitazama mkeka.

"Aliliona lile wingu mwenyewe, yaya. Alitaka kutoka. Tulikuwa tunavuna, ilibaki kipande kidogo. Akasema, mama batoto, ile wingu siipende, twende. Mi nikamwambia, yaya hajasema kitu. Nikamwambia, kama ilikuwa kubwa yaya angetuambia. Akacheka. Akarudi kuvuna. Mi nilipanda kupeleka gunia ya kwanza."

Alinyoosha ukingo wa mkeka kwa vidole.

"Nilikuwa nasikiliza," Dorothée alisema. "Hata maji yalipokuja bado nilikuwa nasikiliza."

Mwili wa Alphonse ulipatikana mdomoni mwa mto siku iliyofuata, wakamzika. Adolphine alirudi Baraka kwa pikipiki ileile. Nadège alikuwa barazani. Alikuwa ameshapata habari, kwa maana macho yalikuwa yamevimba. Alisimama kutaka kumkumbatia, na Adolphine akamwekea mkono kifuani, si kwa nguvu, akamrudisha kwenye kiti.

"Niambie kuhusu simu ya Eddy."

Nadège alivua miwani.

"Vijiji viligawanywa," alisema. "Vingine vinapata onyo, vingine hapana. Vya kulinganishia. Mwisho wa mwaka tunaona kama penye onyo panaumia kidogo kuliko pasipo na onyo. Bila ile, Mama, hakuna mutu atakayeamini kama maonyo yanasaidia. Serikali, bafadhili, hakuna. Wanasema mumebahatika tu. Tukionyesha tofauti, mwaka ujao tunapata pesa ya kuweka kila mahali, Fizi yote, mpaka Uvira."

"Nani aligawanya?"

"Kompyuta, huko Ulaya. Kwa bahati nasibu. Haikuchaguliwa na mutu."

"Na we uliona jina ya Etandala."

"Niliona."

"Ulijua ni kwa Dorothée. Ulikula kuku yake, siku ile nilikupeleka Noeli."

"Nilijua." Machozi yalikuwa yanamdondoka mapajani na hakuyafuta. "Niliomba bakibadilishe. Bakasema tukibadilisha kimoja yote inaharibika. Nikafikiri ni mwaka moja tu. Nikafikiri, mafuriko makubwa haiyatokea kule tangu zamani."

Adolphine alikuwa amejiandaa kupiga kelele. Njia nzima alikuwa amejiandaa. Sasa alijikuta anaongea kwa sauti yake ileile ya redio.

"Siku ile niliporekodi, ulikuwa nyuma ya kioo. Nilisema Etandala. Nilisema bakulima ba mpunga mutoke. Ulinisikia naongea na ukuta. Ukaniacha niongee na ukuta."

"Mama..."

"Ungeniambia tu siku moja ile. Ningepiga simu kwa Dorothée, ningepanda pikipiki. Ningewahi."

Nadège alisema kwamba anaomba msamaha, na Adolphine akaingia ndani akafunga mlango.

Siku ya pili alimwendea Raphaël akamwambia atasema redioni. Mkurugenzi alifunga dirisha la ofisi kwanza.

"Ado, ninakusikia. Na mi ninaumia. Lakini fikiri. Ukisema kama maonyo yalikuwa mchezo, kesho hakuna muvuvi atatuamini. Wingu ingine itakuja, batu batakuwa majini. Damu ya bale utaibeba wewe."

Raphaël hakuwa mtu mbaya, na alilosema lilikuwa kweli. Adolphine aliligeuza kichwani siku kadhaa. Alipika, akafagia, akasoma matangazo ya mbuzi. Nadège alikuwa bado katika chumba cha nje, akitoka alfajiri na kurudi kimyakimya, na ule mstari wa maua kati yao ukawa mpaka. Kilichomkatia shauri hakikuwa hasira. Mwanamke mmoja wa kijiji kingine cha kaskazini alimsimamisha sokoni, akamshika mkono kwa furaha, akamwambia: "Mama, tangu mujumbe wetu alipata kipaza sauti, mi siogopi tena mvula." Adolphine alimwuliza jina la kijiji. Kilikuwa cha kulinganishia, mjumbe wake alikuwa ameshamwambia Eddy.

Jioni ile, baada ya kusoma misiba, hakufunga kipindi.

"Alphonse wa Etandala, bwana ya mudogo wangu, alichukuliwa na maji," alisema. "Mi nilimwambia nitamwonya. Onyo yangu haikutumwa, na haikuwa bahati mbaya. Kuko vijiji ambavyo mradi uliamua visiambiwe, ili bahesabu nani ataumia. Mi sikujua, lakini sauti ilikuwa yangu." Akavitaja vijiji vyote ambavyo Eddy, kwa kuzunguka na pikipiki yake, alikuwa amethibitisha. "Baliokuwa banapata onyo, onyo lilikuwa la kweli, muendelee kulisikiliza. Ninyi ambao nimebataja, kama hamusikie kitu, musiseme kuko salama. Muangalie mbingu wenyewe. Na mwenye kuwa na ndugu kule redio haifike, amupelekee hii habari."

Raphaël alikuwa amesimama kwenye mlango wa studio. Angeweza kuzima mtambo. Hakuzima, lakini Adolphine alipotoka alimwambia akae nyumbani kwanza.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri wala hayakuwa mabaya yote. Machifu wa kaskazini waliteremka Baraka kudai maelezo. Mkubwa wa mradi aliongea kutoka Ulaya kupitia simu iliyowekwa mezani, akasikitika kwa Kifaransa kirefu, na kabla mwezi haujaisha ule mgawanyo ulifutwa, vijiji vyote vikaanza kupata ujumbe. Nadège aliitwa aondoke. Aliagwa na watu wachache. Alikuja jikoni kwa Adolphine na mfuko wake begani, akasimama palepale alipokuwa akikaa kusuka nywele.

"Mama, boti inaondoka."

"Usiniite vile," Adolphine alisema. Halafu, kwa kuwa msichana hakusogea: "Kuko viazi kwenye sufuria. Uchukue vya njiani." Alimpa mgongo mpaka aliposikia geti.

Na lile alilotabiri Raphaël lilitokea pia. Onyo lililofuata lilisomwa na sauti nyingine, ya kijana aliyesoma haraka, na wavuvi kadhaa wakasema huo ni utafiti tena, wakaingia ziwani. Mtumbwi mmoja ulipinduka. Waliokolewa na wenzao karibu na rasi ya Ubwari, ila mmoja wao hakutembea vizuri tena. Adolphine alikwenda kumwona hospitalini. Yule mvuvi hakumlaumu. Alimwuliza tu: "Sasa tumuamini nani?"

Guy na wenzake ndio waliopanda kilima kumdai arudi. Adolphine alirudi kwa sharti moja: asome tu baada ya kusikia kwa masikio yake kwamba kila mjumbe amepokea. Hivyo siku za wingu kubwa alikuwa akipiga simu kijiji kwa kijiji, na kila mmoja alimwitikia, Eddy akiwa wa kwanza. Wavuvi wakaanza tena kumsikiliza, kwa tahadhari, jinsi mtu anavyokanyaga daraja lililowahi kuvunjika. Yeye mwenyewe alisoma kwa namna nyingine. Zamani akisema "mupande juu" alikuwa anawaona watu wakipanda. Sasa alisema akitazama kile kioo cha studio.

Dorothée hakupokea simu zake. Hakumfukuza, hakumtukana; simu ililia tu. Msimu wa maharagi ulipofika Adolphine alichoka kungoja, akaenda Etandala bila kualikwa. Mdogo wake alikuwa amehamia juu kidogo, kwenye kijumba cha udongo, lakini shamba la maharagi lilikuwa bado chini, jipya, karibu na mahali palipokuwa mpunga. Alimsalimia, akampa kigoda na ungo, na dada hao wawili wakakaa shambani wakimenya maganda makavu pamoja na jirani mmoja aitwaye Arlette. Waliongea juu ya watoto, juu ya bei ya chumvi. Dorothée alicheka mara moja. Moyo wa Adolphine ukaanza kufunguka.

Alasiri hewa ilikuwa nzito. Ng'ambo ya ziwa, juu ya milima, palikuwa na ukuta mweusi wenye kichwa bapa, na radi zilikuwa zinawaka ndani yake bila sauti. Eddy alikuwa bado hajapiga onyo lolote kwa kipaza sauti chake. Huenda picha zilikuwa hazijamfikia yule kijana aliyebaki redioni mahali pake, huenda wingu lingekufa njiani. Lakini Adolphine alikuwa ameyatazama mengi ya namna ile.

"Doro," alisema, "ile ni kubwa. Tupande."

Dorothée aliendelea kumenya. Ganda moja, jingine. Kisha akainua uso, si kwa dada yake, kwa jirani.

"Arlette, we unaonaje? Mvula iko inakuja?"

Arlette aliwatazama wote wawili kwa aibu. Akageuka akatazama ziwa.

"Iko inakuja," alisema.

Hapo ndipo Dorothée alipoinuka, akakusanya maharagi yake kwenye kikapu, akajitwika, akaanza kupanda. Adolphine alimfuata nyuma akiwa amebeba ungo.